Lita moja kwa kilomita elfu: gari kuukuu na oili inayopotea

Taa nyekundu yenye picha ya kibirika cha oili kwenye dashibodi haipimi oili iliyobaki ndani ya injini. Inapima presha. Maadamu pampu bado inapata cha kuvuta chini ya sampo, presha ipo na taa imezimika, hata kama nusu ya oili imeshatoweka. Siku taa hiyo inapoanza kupepesa kwenye kona au ukikanyaga breki ghafla, oili kidogo iliyobaki imekimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Hapo beringi za krenki zimeshaanza kusagana chuma kwa chuma. Wenye Premio, Wish, IST, Vitz na RAV4 za zamani, magari yaliyojaa katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, hawana kipimo kingine cha kiwango cha oili zaidi ya kile kijiti kilichochomekwa ubavuni mwa injini.

Nimeanza na taa kwa sababu mazungumzo ya gari linalokula oili kwa kawaida huanza na moshi, na moshi ni shahidi wa kutiliwa shaka. Chukua gari linalokula lita 1 kila km 1,000. Kwa mwendo wa wastani wa km 60 kwa saa, kilomita hizo humalizika kwa dakika 1,000, kwa hiyo injini inaunguza mililita 1 kwa dakika. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 2,500 kwa dakika hulipua petroli na hewa mara 5,000 ndani ya dakika hiyo. Ukikadiria matone 20 kwa mililita, kila tone la oili limegawanywa kwenye milipuko 250. Moshi wa namna hiyo nani atauona? Na kama yale masega ya kusafisha hewa chafu kwenye bomba la moshi bado yana uhai, humalizia kuunguza kilichobaki, na dereva wa nyuma yako haoni kitu.

Hesabu ya pili ndiyo inayotisha. Injini za Toyota za 1NZ-FE na 1ZZ-FE hubeba lita 3.7 unapobadili oili pamoja na filta. Mwenye gari hilohilo, ambaye anamwaga oili kila km 5,000 kama alivyoelekezwa na haangalii kijiti katikati, atakuwa amemaliza oili yote kabla hajafika km 4,000. Kwa kweli hatafika huko, injini itagonga mapema zaidi. Fundi atakapoifungua atasema "ilikosa oili", mwenye gari ataapa kwamba alibadili miezi mitatu tu iliyopita, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Madai yangu ni haya: gari kuukuu linaweza kula oili miaka mingi bila kufa, na kinachoiua injini ni kukaa bila kupimwa. Kabla ya kuzungumzia ringi, dawa za kopo au injini ya Japani, mtu anapaswa kujua namba moja tu, yaani gari lake linakula kiasi gani kwa kila kilomita elfu. Bila namba hiyo, ushauri wowote wa gerejini ni kubahatisha, na anayelipia ni wewe.

Wazee walioendesha Peugeot 404 na 504, au Land Rover za miaka ya sitini, hawakuhitaji kuambiwa. Kufungua boneti asubuhi ilikuwa sehemu ya kuwasha gari, kwa sababu injini za wakati ule zilikula oili tangu zikiwa changa na kila mtu alijua. Magari ya Kijapani ndiyo yaliyotuzoesha vibaya. Yalikuja yakakaa miaka bila kudai chochote, boneti ikawa ya kufunguliwa na fundi peke yake. Waliobaki na desturi ya zamani ni madereva wa daladala na matatu, hasa wa Hiace za dizeli. Dereva anayejua Hiace yake inakula nusu lita kwa siku mbili anatembea na galoni chini ya kiti, anajazia alfajiri, na anapiga kazi. Gari lake lina moshi, ndiyo, na kwa abiria wa kituoni hilo ni kero ya kweli, lakini injini yake inaweza kudumu kuliko ya Premio safi ya ofisini ambayo haijafunguliwa boneti tangu Pasaka.

Namna ya kupima haina siri. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa dakika tano hadi kumi ili oili iliyopanda juu ishuke. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena, usome. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, na baada ya km 500 upime tena mahali palepale. Katika injini nyingi za Toyota ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, au zaidi kidogo. Oili ikishuka nusu ya nafasi hiyo katika km 500, unakula karibu lita kwa kilomita elfu. Usipitishe alama ya juu kwa nia njema: krenki ikianza kuchapa oili inatoa povu, povu linapanda kwenye mfumo wa kupumulia injini, na gari linaongeza kula.

Kuna mtego mmoja unaowapata watu wa mjini. Safari fupi za foleni, injini ikiwa haijapata moto vizuri, huacha petroli kidogo ikichanganyika na oili. Kijiti kinaonyesha kiwango kilekile wiki hata wiki, mwenye gari anaridhika. Kisha anasafiri Dar hadi Mbeya, petroli iliyojificha inavukizwa na joto la safari ndefu, na akifika Iringa oili "imepotea ghafla". Ilikuwa imepotea siku nyingi. Kwa hiyo upimaji wa kuaminika ni wa barabara ndefu.

Kiasi gani ni kingi? Watengenezaji wenyewe hawakubaliani, na wakati mwingine hawakubaliani hata na nafsi zao. Baadhi ya vitabu vya Toyota vilivyokuja na magari haya vilihesabu hadi lita 1 kwa km 1,000 kuwa ni matumizi yanayokubalika. Volkswagen kwa miaka mingi imeandika nusu lita. Lakini Toyota ilipobanwa na wateja Marekani kuhusu injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, hasa kwenye Camry za 2007 hadi 2009, mpaka uliowekwa ulikuwa kwati 1 kwa maili 1,200, ambayo ni karibu nusu lita kwa km 1,000. Gari lililovuka hapo lilibadilishiwa pistoni na ringi kwa gharama ya kampuni, kwa muda wa hadi miaka 10 au maili 150,000. Subaru nayo ilimaliza shauri la pamoja la wateja wa Marekani mwaka 2016 kuhusu injini zake za FB, zile zilizo kwenye Forester na Impreza za mwanzoni mwa muongo uliopita.

Hayo yanatuhusu moja kwa moja. Injini ya 2AZ-FE ndiyo iliyomo kwenye Harrier za 240G, Alphard, Ipsum, Kluger na Estima zilizojaa huku. Dada yake mdogo, 1ZZ-FE ya lita 1.8, imo kwenye Wish, Opa, na Premio na Allion za ukubwa huo. Zote mbili zina ugonjwa unaofanana. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu huzuia mgandamizo, ya tatu hukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vya pistoni. Katika pistoni za mwanzo za 1ZZ vitundu hivyo vilikuwa vichache na vidogo. Oili ikikaa hapo kwenye joto inageuka kaboni, kaboni inaziba vitundu, ringi ya oili inagandia kwenye mfereji wake na kuacha kukwangua. Toyota ilibadili muundo wa pistoni baadaye, takriban mwaka 2002. Kwa 2AZ marekebisho yalikuja baadaye zaidi.

Nyuma ya kasoro hiyo kuna uamuzi wa makusudi. Ringi zinazobana silinda kwa nguvu hula petroli, kwa sababu msuguano wake ni mkubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini viwanda vilipunguza mbano wa ringi ili kushusha matumizi ya mafuta, na oili nayo ikafanywa nyepesi hadi kufika 0W-20. Ringi laini na oili nyepesi ni ndoa nzuri injini ikiwa changa na oili ikibadilishwa kwa wakati. Sasa fikiria maisha ya kwanza ya gari hilo. Mwongozo wa Toyota kwa soko la Japani huruhusu kubadili oili kila km 15,000 kwa injini ya petroli isiyo na turbo katika matumizi ya kawaida, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Mama wa Osaka anayeendesha kilomita tatu kwenda dukani na kurudi yuko kwenye matumizi magumu bila kujijua. Gari linapopakiwa melini kuja kwetu, kaboni imeshaanza kukaa kwenye mifereji ya ringi.

Sheria nazo zinaeleza kwa nini tunayakuta magari yakiwa katika umri huo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikatazi, ila inatoza ushuru wa ziada kwa gari lililokaa zaidi ya miaka 8. Likishaingia, hakuna sheria ya umri inayoliondoa, na Harrier ya 2005 inaweza kuwa na mmiliki wa nne leo. Kilomita za kwenye dashibodi pia si za kuapia. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Ndiyo maana ninaamini kijiti cha oili kuliko tarakimu za dashibodi.

Tukubali basi kwamba oili inapungua na namba unayo. Inakwenda wapi? Kuna njia mbili tu, kuvuja nje au kuungua ndani, na inashangaza ni watu wangapi wamefumua injini kwa tatizo la kuvuja. Gari linaweza kuvuja bila kudondosha hata tone mahali linapolala, kwa kuwa presha iko pale tu injini inapozunguka. Kwenye barabara za vumbi kazi ni rahisi, kwa sababu vumbi hunasa kwenye oili na kuacha matope meusi yanayoonyesha njia. Osha injini, endesha siku mbili, kisha ingia chini na tochi. Angalia gasketi ya tapeti kava, swichi ya presha ya oili, oili sili ya mbele na ya nyuma, nati ya sampo ambayo nyuzi zake zimechoka kwa kukazwa na kila fundi, na kwenye 1ZZ ule mpira mdogo wa kikaza cheni. Nyingi kati ya hizi ni kazi za bei ndogo. Oili sili ya nyuma peke yake inataka giaboksi ishuke.

Kama nje ni kavu, oili inaungua, na hapo kosa la kwanza la gereji nyingi ni kusema "ringi" kabla ya kuangalia vitu viwili vidogo. Kimoja ni valvu ya kupumulia injini, ile inayopeleka mvuke wa sampo kwenye njia ya hewa ukaungue. Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kwenye kila upenyo. Ikibaki wazi, injini inanyonya oili kama mrija. Ichomoe uitikise. Isipogonga kwa ndani, imeganda, ibadilishe. Kingine ni sili za valvu, vikofia vya mpira vinavyokaa kwenye miti ya valvu juu ya silinda hedi. Mpira huo hukakamaa kwa umri na kwa joto, hasa kwa injini iliyowahi kuchemsha.

Sili za valvu na ringi hutofautishwa kwa saa ya moshi. Gari lililolala usiku kucha likatoa wingu la bluu linapowashwa, kisha likatulia, sili zake zimechoka, maana oili imedondoka kupitia valvu usiku. Mtihani mzuri zaidi uko kwenye miteremko. Shuka Kitonga au Sekenke, au kwa Wakenya ule mteremko wa Mai Mahiu, ukiwa kwenye gia na mguu nje ya mafuta. Injini inavuta hewa kwa nguvu huku kipepeo kimefungwa, na ombwe hilo linanyonya oili popote palipo dhaifu. Ukifika chini na kukanyaga mafuta, mwenzako wa nyuma akiona wingu la bluu likitoka mara moja na kukatika, shuku sili kwanza. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka wakati wote gari linapovuta mlima, hizo ni ringi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi na mweupe usiokwisha ni maji, kwa hiyo visikupeleke kwenye mada hii.

Habari njema ni kwamba sili za valvu hubadilishwa bila kushusha silinda hedi. Fundi anayejua kazi huingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, au hujaza kamba safi kupitia tundu la plagi na kuisukuma pistoni juu, ili valvu zisidondoke anapofungua springi. Ukisikia mtu anataka kufumua injini nzima kwa ajili ya sili, tafuta mwingine.

Kipimo cha mgandamizo, ambacho mafundi hutumia kuzihukumu ringi, kinastahili neno lake, kwa kuwa ndicho kinachopotosha kwa jina la sayansi. Fundi anafunga geji kwenye tundu la plagi, silinda zote nne zinasoma vizuri, anatangaza kwamba ringi ni nzima. Geji hiyo imepima ringi mbili za juu. Ringi ya oili iliyoganda haionekani kwenye geji hata kidogo. Ndiyo maana injini ya 2AZ inaweza kuwa na mgandamizo wa kupendeza na bado ikala lita kwa kilomita elfu. Kwa upande mwingine, mgandamizo ukiwa chini na ukapanda baada ya kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda, ringi au silinda zimelika. Huo ndio mgawanyiko mkubwa wa suala zima. Ringi iliyoganda kwa kaboni inaweza, pengine, kuachia. Ringi iliyolika hairudi, hata ukiimwagia dawa ya bei gani.

Na kwetu kulika kuna chanzo kinachojulikana: vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha ringi. Filta ya hewa inayopulizwa kwa kompresa kila wiki hadi karatasi ikachanika, au iliyofungwa kwenye kopo lisilobana vizuri, inapitisha mchanga huo moja kwa moja kwenye silinda. Mtu anaweza kununua oili ya sintetiki ghali huku filta ya hewa ya bei ya soda ikiisaga injini. Chanzo kingine cha kienyeji ni mazoea ya kuondoa thamostati "ili gari lisichemshe". Injini bila thamostati haifiki joto lake, petroli inaosha kuta za silinda, tope linajaa kwenye oili, na mifereji ya ringi inaziba haraka. Aliyebuni dawa hiyo ametuachia hasara kubwa.

Tuje kwenye tiba. Oili nzito ndiyo ya kwanza kutajwa na si ya kudharauliwa. Kwa vipimo vya SAE, oili ya daraja la 20 ikiwa na joto la nyuzi 100 ina unato wa kati ya 6.9 na 9.3, ya 30 inaishia 12.5, ya 40 inaishia 16.3 na ya 50 inakaribia 21.9. Unato ukipanda, oili inapenya polepole zaidi kwenye ringi na sili. Katika joto la pwani yetu hakuna baridi ya asubuhi inayohitaji 0W, kwa hiyo kupanda kutoka 5W-20 hadi 10W-30 au 10W-40 kwenye injini kuukuu ni hatua ya busara. Ninasita kufika 20W-50 kwenye injini za VVT-i, kwa kuwa mfumo wa kuchelewesha na kuwahisha valvu hutegemea oili inayopita kwenye valvu ndogo na kichujio chembamba, na ringi ya oili iliyoziba haifunguliwi na oili inayokwenda kwa kujikokota. SAE 40 ya daraja moja iachieni mitambo ya kusaga.

Kuna sifa nyingine ya oili isiyosemwa dukani, nayo ni wepesi wa kuvukizwa. Kipimo cha Noack huchemsha oili kwa nyuzi 250 kwa saa moja na kuangalia imepungua uzito kiasi gani. Madaraja ya karibuni ya oili za petroli yanaruhusu hadi asilimia 15. Sintetiki nzuri hupoteza kidogo kuliko hapo. Sehemu ya oili "inayoliwa" na gari lako inaweza kuwa ni mvuke tu wa oili dhaifu. Kwa hiyo badili chapa na daraja kwanza, upime kilomita elfu mbili, ndipo utoe hukumu. Angalia alama ya API kwenye galoni: SN ilianza 2010 na SP 2020, na galoni iliyoandikwa SF ni ya enzi za mababu. Nunua kwa muuzaji unayemfahamu, maana galoni tupu zenye chapa kubwa hukusanywa na kujazwa upya. Galoni yako ikiisha, itoboe.

Oili za "kilomita nyingi" zilianza na Valvoline MaxLife mwaka 2000, na sasa karibu kila kampuni ina yake. Ndani yake kuna kemikali zinazolainisha na kuvimbisha kidogo mpira wa sili. Kwa sili iliyokakamaa zinasaidia, kwa ringi iliyolika hazina la kufanya. Zile dawa nzito za kopo kama asali huongeza unato tu, jambo ambalo oili ya daraja la juu ingelifanya kwa bei nafuu.

Kuhusu kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa, nasema hapana. Tope la miaka kumi likibanduka kwa pamoja linashuka kwenye kichujio cha pampu ya oili, pampu inakosa pumzi, na injini iliyokuwa inakula oili kwa amani inagonga ndani ya wiki. Kuna njia ya polepole yenye uwezekano zaidi: oili nzuri yenye sabuni ya kutosha, filta mpya, kubadili kila km 3,000 kwa mara tatu au nne mfululizo, na kupima kila mara. Wengine huongeza kuloweka pistoni, yaani kumwaga dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye matundu ya plagi, kuiacha usiku kucha, kisha kuizungusha injini bila plagi ili dawa itoke kabla ya kuwasha. Usiruke hatua hiyo ya kuzungusha, kwani majimaji hayabanwi na yanaweza kupinda fimbo ya pistoni. Baada yake oili yote inamwagwa. Njia hii hufaulu kwa baadhi ya injini zilizoganda, si zote, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba ni haki kuijaribu kabla ya spana kubwa.

Na kujazia hakuchukui nafasi ya kumwaga. Wapo wanaodai kwamba gari linalokula oili linajibadilishia lenyewe. Filta haijibadilishi, na uchafu usioungua unabaki ukizidi kukolea. Kujazia kwa chapa tofauti hakuna madhara kama daraja ni lile lile. Kujazia oili chafu iliyomwagwa kwenye gari jingine kuna madhara makubwa. Hiyo ipelekeni kwenye nguzo za mbao dhidi ya mchwa.

Sasa pesa. Tuseme lita ya oili nzuri ni shilingi 15,000 za Tanzania na unaendesha km 15,000 kwa mwaka. Gari linalokula nusu lita litakugharimu kama 112,500 kwa mwaka kwa kujazia. La lita nzima, 225,000. Weka hapo plagi zinazoingia utando mara nyingi zaidi, na masega ya bomba la moshi yanayozibwa na fosforasi iliyomo kwenye oili. Fundi akikuambia milioni moja na nusu kufumua na kufunga ringi, unanunua zaidi ya miaka sita ya kujazia lita nzima. Kwa gari la miaka 18 hesabu hiyo haihitaji mjadala mrefu. Mimi huweka mipaka hivi: chini ya nusu lita, jazia na uendelee na maisha, kati ya nusu lita na lita moja na nusu, maliza vitu vidogo vyote nilivyovitaja, juu ya lita moja na nusu, au moshi unaowakera watu na plagi zinazokufa, ndipo uamuzi mkubwa unastahili. Dizeli zenye turbo nazitoa kwenye ukarimu huu. Turbo ikivujisha oili ndani, injini inaweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe hata ukizima ufunguo, na hilo halisubiri hesabu.

Ukiamua kufumua, kazi ya nusu ni hasara kamili. Ringi mpya kwenye silinda isiyopimwa, au kwenye pistoni ileile ya zamani yenye vitundu vichache, zitakula oili tena baada ya muda mfupi. Kuta za silinda za 1ZZ ni vikombe vyembamba ndani ya aluminiamu, hazikuundwa kuchongwa kama za injini za zamani. Kwenye 2AZ za kabla ya 2006, bolti za silinda hedi upande wa nyuma zinajulikana kwa kung'oa nyuzi za bloku, kwa hiyo mwenye gereji asiye na vifaa vya kurudishia nyuzi asiiguse.

Njia inayopendwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) na Kisekka (Kampala) ni kununua injini nzima kutoka Japani na kutupa ya zamani. Huwa ni haraka na mara nyingi nafuu kuliko kufumua vizuri. Lakini 2AZ ya mwaka uleule ina pistoni zilezile, na hakuna anayejua ilibadilishiwa oili mara ngapi huko ilikotoka. Omba iwashwe kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili uone kama ndani ni rangi ya chai au tope jeusi, chomoa plagi zote nne na uzilinganishe. Ukiweza kupata ya miaka iliyokuwa na pistoni zilizorekebishwa, lipa tofauti. Kisha peleka taarifa ya namba mpya ya injini kwa wahusika, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, kwa sababu namba hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu za gari, na trafiki au mnunuzi wa baadaye atakapoilinganisha na iliyogongwa kwenye bloku, wewe ndiye utakayeulizwa injini hii umeitoa wapi.